Uvimbe wa Hind

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mauza alimwogesha mwanawe uani. Nyumba yao ilikuwa Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni. Mbele palikuwa na duka la mumewe, Humoud, aliyeuza vikoi na kofia. Ng'ambo ya ua alipanga Winifrida, muuguzi wa hospitali ya serikali.

Hind alikuwa na miezi minne, mnene, mwepesi wa kucheka. Siku moja Mauza alipompaka sabuni kichwani, kidole chake kiligusa kitu kigumu juu ya sikio. Kilikuwa kidogo kama punje ya kunde.

"Jipu hilo," alisema Bi Sitara, mama mkwe wake. "Liache liive."

Halikuiva. Baada ya wiki tatu lilikuwa kubwa kama ndimu, na ngozi juu yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Jirani mmoja alisema Mauza alitazama kitu kibaya alipokuwa mjamzito. Maneno hayo yalimchoma. Alianza kukosa hamu ya kula.

Jumamosi Bi Sitara alichemsha wembe. "Nitalitoboa. Hiyo damu mbaya lazima itoke."

Mauza alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma. Winifrida alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, nakuomba, weka wembe chini kwanza." Alipapasa kichwa cha Hind polepole. "Jipu lina moto, na mtoto hulia ukiligusa. Hili halina moto, na Hind anacheka. Tena limeshika mfupa. Chini ya mfupa kuna utando unaofunika ubongo. Ukikata hapa, hujui unakata nini. Mpelekeni hospitali."

Bi Sitara aliweka wembe juu ya sinia.

Humoud alikuwa amesimama mlangoni. "Huko si watampasua kichwa? Atapona?"

"Sijui, kaka. Sitakudanganya. Ila kila wiki linakua."

Jumatatu walienda hospitali wote, pamoja na Winifrida. Mtoto alipigwa picha ya mifupa. Daktari Jayant, daktari wa upasuaji, aliinua picha ile dirishani.

"Uvimbe huu ni wa nadra sana," alisema. "Mimi mwenyewe nimeusoma vitabuni tu. Huwapata watoto wachanga. Ndani huwa mweusi, lakini weusi huo ni rangi tu, ile ile iliyo kwenye ngozi na macho yetu. Si damu mbaya."

"Nilikosea nini, daktari?" Mauza aliuliza.

"Hukukosea kitu, mama. Hakuna anayejua unatoka wapi. Lakini umekula mfupa, na huenda umegusa utando wa ubongo. Tuutoe wote, pamoja na kipande cha mfupa. Kupasua kuna hatari. Kungoja kuna hatari zaidi."

Humoud alishika karatasi ya ruhusa, akamtazama mkewe. Mauza alimpa Winifrida mtoto ambebe, akamwambia mumewe, "Tia saini."

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Bi Sitara alikaa kwenye benchi na tasbihi yake, hakutaka hata maji. Adhuhuri daktari alitoka, shati limelowa jasho.

"Tumeutoa wote tuliouona. Ulikuwa mweusi kama wino. Mtoto anapumua vizuri. Lakini sikilizeni: uvimbe huu unaweza kurudi. Mleteni kila mwezi, hata mkimwona mzima."

Pale palipokosa mfupa palikuwa laini. Bi Sitara alishona kofia yenye pamba ndani, ili mtoto asiumie akianguka. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji Humoud alisema, "Mtoto huyu mzima, anakula, ananenepa. Tunaenda kufanya nini tena?"

Bi Sitara alikuwa tayari amevaa buibui.

"Wewe fungua duka lako," alijibu. "Sisi tunaenda."

Mwaka ulipita, na uvimbe haukurudi. Siku ya kupimwa Hind aliingia chumbani kwa daktari kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kidole cha mama yake. Daktari Jayant alipapasa kovu, akapapasa tena.

"Safi," alisema. "Sasa mleteni baada ya miezi sita."

"Tarehe ngapi?" Bi Sitara aliuliza. "Mwandikie Mauza kwenye karatasi."