Maji ya Bushra

Tangu vita viwatoe kisiwani Ngumi, Mwanahija na bintiye mdogo, Bushra, waliishi kambini karibu na Mombasa. Asubuhi moja Mwanahija hakupika hata chai. Bushra aliharisha usiku kucha, na macho yalikuwa yameingia ndani. Ndiye mtoto pekee aliyebaki naye.

Mwanahija alisikia kwamba maji ya sukari na chumvi humsaidia mtoto anayeharisha. Akayachanganya. Sukari aliipima kwa kijiko. Chumvi aliitia kwa mkono, konzi nzima, kama alivyozoea kutengeneza ng'onda, samaki wa kukausha. Kwa ng'onda, mkono ule ulisifiwa Ngumi nzima.

Jirani yake Barke, aliyekuwa muuguzi Kismayo, akaonja, akatema.

"Umemnywesha haya?"

"Amekataa, bibi."

"Afadhali. Yamwage."

"Nimwage na sukari yangu?"

"Mwaga, mwanangu. Samaki ukimtia chumvi, hutoka nini?"

"Maji. Yanachuruzika mpaka anakauka."

"Basi. Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinaitwa seli. Kila seli imezungukwa na utando. Ndani mna majimaji, mna kiini kinachoongoza kazi, na mna visehemu vinavyotoa nguvu kwenye chakula. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani hupita kwenye utando yakaifuata. Seli inasinyaa, kazi inalegea."

Mwanahija alishika kichwa. "Kumbe ningemfanya mwanangu ng'onda."

"Hukujua. Chumvi kidogo na sukari, kwa kipimo, huingia pamoja kwenye seli za utumbo. Hapo maji huzifuata ndani."

Walichemsha maji, wakayapoza. Kwenye lita moja Barke alitia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, bila kurundika.

"Mpe kidogo kidogo, na ziwa usimnyime, anyonye. Akizidi kulegea, twende hospitali mara moja."

Mwanahija alimnywesha kijiko kwa kijiko.

Alasiri Barke alimpakata mtoto. Ghafla akahisi vuguvugu mapajani. Leso yake nzuri, ya pekee aliyotoka nayo Kismayo, ilikuwa imelowa.

"Amekojoa," alisema. "Maji yameanza kurudi mwilini. Alhamdulillahi."

Mwanahija alicheka na kulia kwa pamoja. Moyo ulimtua.

"Nipe leso niifue, bibi."

"Kaa," Barke alisema. "Acha kwanza akojoe tena."