Mashine Uani kwa Mwanakheir

Alkhamis ile Mwanakheir alitoka kununua mafuta ya taa, jua limeshalegea. Foleni ilikuwa ndefu, na kama foleni zote za mwaka ule wa sabini na moja, midomo ilikwenda kuliko miguu.

"Chupa tatu?" Bi Mashavu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimtolea macho. "Taa unayo moja, mume huna. Wamulika nini, shoga?"

"Wambeya."

Watu wakacheka. Bi Mashavu naye akacheka, maana kwa kucheka hakuwa mchoyo. Kilichomshinda ni kunyamaza.

Mwanakheir akabeba chupa zake akarudi nyumbani Malindi, Unguja. Hakumwambia mtu kwamba mafuta yale ni ya kuoshea mashine.

Mashine yenyewe ilikaa uani, karibu na kisima, imefunikwa magunia. Ilikuwa ya dizeli, nzito, ina gurudumu kubwa ubavuni na hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Ilikuwa ya boti ya uvuvi ya mumewe, aliyeitwa Mmanga. Mwaka wa sitini na nne, wiki chache baada ya mapinduzi, Mmanga aliifungua botini, akaileta kwa gari la hamali, akaishusha pale. "Asiiguse mtu mpaka nirudi," akasema. Akasali magharibi, akatoka.

Hakurudi.

Asubuhi kofia yake ilionekana pwani ya Funguni, imerowa. Mwaka ule waliotoka majumbani mwao wasirudi walikuwa wengi, na maswali yalikuwa machache.

Wazee walimwambia Mwanakheir aende kwa kadhi, aingie eda, amalize, aolewe. Watu watatu walimposa, mmoja wao ana meno yote. Akawajibu wote neno moja: "Nna mume." Wakamcheka mpaka wakachoka.

Hawakujua kwamba Mmanga alikuwa anakuja.

Kila Alkhamis, magharibi ikishaingia, saa ile ambayo maiti husemwa wanapita majumbani mwao kutafuta dua, mtu alikohoa nje ya mlango. Mara mbili. Harufu ya dizeli na maji ya chumvi ikapenya chini ya ubao. Kisha sauti, ya Mmanga hasa, na ule ukwaruzo wake.

"Mwanakheir..."

Mwanakheir hukaa upande wa ndani, juu ya mkeka. Hutoa salamu. Haitikiwi. Husoma Fatiha, kisha humpa habari za wiki: nani kaolewa, nani kaachwa, nani kaondoka usiku na familia yake. Aliye nje hakuugusa mlango kamwe. Neno jingine hakusema. Miaka saba, na Mwanakheir akaridhika. Wako wanawake wenye waume hai wanaoambulia chini ya hapo.

Lakini wiki moja nyuma sauti iliongeza neno.

"Mashine... inanibana. Iwashe, mke wangu. Nipumzike."

Mwanakheir hakulia. Asubuhi alijitanda buibui lake akaenda kwa Silima.

Silima alikuwa fundi wa mashine za boti, Mtumbatu, rafiki wa Mmanga wa kula sahani moja. Miaka saba ile, kila Ramadhani, alifuturu kwa Mwanakheir. Hutafuna, hulamba vidole, husema, "Mungu amrehemu ndugu yangu."

"Shemegi," alisema siku ile, macho chini, "chuma kilicholala miaka saba kiache kilale."

"Sikukuuliza usingizi wake. Nimekuuliza unaweza au huwezi?"

Fundi ukimwambia hawezi, umemshika pabaya. Jumatatu akaja, akamimina mafuta kwenye tundu la nozeli, akaacha yashuke yalainishe kutu. Alkhamis ile ya foleni akaikamata hendeli, akasukuma kwa uzito wake wote. Gurudumu halikutikisika.

Mwanakheir aliporudi na chupa zake alimkuta amechutama, spana mkononi, jasho linamtiririka.

"Imeshika juu ya pistoni," Silima alisema. "Si kutu. Kuna kitu."

"Basi fungua."

Akafungua nati moja moja. Akainua kifuniko cha silinda.

Ndani, juu ya pistoni, kilikaa kifurushi cheusi, kadiri ya yai la kuku. Ngozi, imeshonwa, imezungushiwa waya. Chuma chote kimeliwa na kutu. Kifurushi kilikuwa kipya kama kilichoshonwa jana.

Spana ikamponyoka Silima.

"Nilidhani anatania..."

"Nani?"

"Hakuna, shemegi. Tukirudishe. Tufunge."

"Hicho ndicho kinachombana mume wangu."

"Shemegi, nakuomba..."

Mwanakheir alishakitwaa. Kilikuwa na joto, joto la kwapa. Chetezo kilikuwa karibu, makaa yameshika, udi wa Alkhamis ukisubiri. Akakitupia humo.

Hakikuungua upesi. Kilijikunja kwanza. Ngozi ikapasuka, na harufu iliyotoka ikawa ya nywele. Akainama kutazama. Zilikuwa nywele ndefu, zimesukwa, zingali na mafuta ya nazi na asumini.

Nywele zake mwenyewe.

Akasimama kidogo. Kwa nini nywele zangu? Lakini aliyengojea miaka saba hasimami kwa swali moja.

"Osha. Funga. Washa."

"Magharibi yamekaribia, shemegi. Kesho..."

"Silima, washa, au nipige ukelele mtaa mzima ujue umekuja kunivua kanga."

Silima akaosha kwa mafuta ya taa, akafunga, akatia dizeli. Akaangusha nati mbili, akaziokota. Akaishika hendeli.

Mara ya kwanza, chuma kiliguna.

Mara ya pili, moshi ukachungulia.

Mara ya tatu... *tu*... *tu*... *tu-tu-tu-tu-tu!* Ua mzima ukatetemeka. Ndoo ya kisimani ikacheza. Mwanakheir akacheka, na ilikuwa zamani hajacheka kwa furaha.

"Lahaula!" sauti ya Bi Mashavu ikaruka ukuta. "Mwasaga nini humo, mifupa?"

Adhana ikatoka msikitini. Kwa heshima ya adhana, Silima akafunga koki ya tangi.

Mashine haikuzimika.

Akangoja. Akachomoa mpira wa dizeli. Tone la mwisho likaanguka chini. Mashine ikaendelea, imechangamka kuliko mwanzo. Silima akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Kisha ikazima. Yenyewe. Pu.

Kimya... mpaka tone la maji likasikika likianguka kisimani.

*Kho. Kho.*

"Mwanakheir..."

Silima aliugeukia mlango. "Nani huyo?"

"Huisikii sauti ya rafiki yako? Mume wangu. Amekuja kuniaga."

"Mume wako..." Fundi alinong'ona. "Shemegi, mume wako yuko Tanga."

Mwanakheir alimtazama kama asiyejua Kiswahili.

"Yu hai. Nilimwona Shaabani iliyopita. Ana mke. Ana watoto wawili."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu usiku ule. Mimi ndiye niliyempeleka."

"Na kofia?"

"Niliiweka mimi." Mwanakheir alihesabu Ramadhani saba, bakuli moja moja, mpaka ile ya mwisho aliyomtilia kipande kikubwa cha nguru.

"Wakati wenzake wanarudi na ndoo tupu," Silima akasema haraka, "yeye alirudi boti imejaa. Wakumbuka? Kulikuwa na kitu huko kwenye maji, mbele ya Chukwani. Alikiahidi mtu. Kilipoanza kudai akasema, hakinitaki mimi..."

"Kinamtaka nani?"

Silima alimtazama. Kisha akatazama chini.

"Alipata haya. Akenda kwa mganga Makunduchi. Akaambiwa, nywele zako zikikaa ndani ya chuma chake, na chuma kisizunguke, kitu kile hakitavuka mlango wako. Nilidhani anatania, shemegi. Wallahi!"

Nje, sauti ikaita tena, tamu, ya mume aliyechoka kazini. Mwanakheir akatoa salamu kama alivyoitoa miaka saba.

"Assalaamu alaykum."

Kimya.

Maiti huitikia salamu, hata kama hatusikii. Hilo alifundishwa utotoni, chuo cha Kurani, pamoja na watoto wenzake. Huyu sauti ya kuitikia anayo. Alikuwa hataki.

Miaka saba amemhadithia siri zake zote.

Komeo la mlango likaanza kujisukuma.

Taratibu.

Silima akarukia ukuta. Mwanakheir akamdaka shati, akamvuta mpaka vifungo vikaruka. "Pale pale! Futari zangu umekula umekaa, na hili utakaa."

Mlango ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Kwenye sakafu ya saruji ukatokea unyayo wa maji. Mwingine. Mwingine. Nyayo zikapita ukumbini, zikaingia uani, harufu ya mwani uliooza ikitangulia. Zikasimama mbele yake, vidole vikielekea vidole vyake. Baridi ikampanda mpaka magotini.

"Nimeahidiwa," sauti ikasema. Haikuwa ya Mmanga tena. Haikuwa ya mtu.

Ulimi wa Mwanakheir haukupata kutetemeka tangu kuzaliwa.

"Nani kakuahidi?"

"Mmanga."

"Mimi aliniuliza?"

Maji yakazidi kutanda sakafuni.

"Basi mwenye ahadi ni yeye. Kamdai."

"Simwoni. Kajifunika kwa dawa."

"Yuko Tanga. Anayeijua njia huyu hapa, namshika shati." Akavuta pumzi. "Na mashine nimeiwasha mwenyewe. Nitakufikisha mlangoni kwake. Ukinigusa mimi, utakaa hapa na mwanamke mbishi mpaka kiyama, na yeye anacheka huko."

Muda mrefu haukutokea unyayo mwingine. Kisha zile nyayo zikageuka, moja moja, zikaelekea kwenye mashine. Zikaishia hapo.

Asubuhi, mahamali wanne waliipeleka mashine Funguni. Silima aliifunga botini siku mbili, haongei, hali. Jinsi walivyotoka bila kibali waulizwe wao. Bi Mashavu, ambaye hapitwi na kitu, alisema dizeli hakuona ikitiwa hata tone. Silima alikamata usukani, Mwanakheir amekaa katikati, na mbele hapakuwa na mtu. Lakini pua ya boti ilizama chini, kama imepakia magunia kumi.

Walirudi siku ya tisa. Boti ilielea sawa.

Silima aliacha ufundi. Leo hata cherahani hafungui. Ukimuuliza habari za Tanga, anakunja mkeka wake na kuingia ndani.

Mwanakheir aliingia kwake, akaoga, akavaa kaniki, akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hakupunguza hata moja. Wanawake wa mtaa wakaja kumpa pole, wakakaa, wakatazamana. Miaka saba hataki kuambiwa mjane, leo kimetokea nini?

Bi Mashavu ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Shoga, habari ya msiba kakuletea nani?"

"Sikuletewa," Mwanakheir alisema, akimsogezea kahawa. "Niliipeleka."

Bi Mashavu akacheka, kwa mazoea. Kisha akasikia kwamba anacheka peke yake.