Nyumba Iliyorukwa

Kila siku alfajiri Kija alichota maji bombani, akafagia uwanja, kisha akaketi na mama yake kando ya jiko la mkaa kuulizwa maswali ya katekisimu.

"Mkristo ni nani?" Mama aliuliza huku akikoroga uji.

"Ni mtu aliyebatizwa, anayemsadiki Yesu Kristo na kuishi kama alivyofundisha," Kija alijibu bila hata kuvuta pumzi.

"Na jirani yako ni nani?"

"Ni kila mtu, hata adui yangu."

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika darasa la kipaimara hapo mtaani Pasiansi hakuna aliyemfikia. Mwalimu Yeremia, katekista wao, alimtolea mfano kwa wenzake mpaka wenzake wakamchoka. Majibu yalimtoka mdomoni kama mahindi yanayopukuchuliwa. Kama yalikuwa yameshuka chini ya ulimi, hilo hakuna aliyelipima.

Mwaka huo wa 1998, Oktoba, mwezi wa Rozari, ilikuwa imeingia. Jumuiya yao ilikuwa na desturi ya kuzungusha sanamu ya Bikira Maria nyumba kwa nyumba. Familia iliipokea jioni, majirani wakaja kusali, na kesho yake saa kumi mtoto wa nyumba hiyo akaipeleka nyumba inayofuata. Hakuna nyumba iliyorukwa, hata ya mlevi.

Baada ya nyumba ya akina Kija ilifuata ya Bibi Wilhelmina.

Bibi huyu alikuwa mjane kutoka Nansio, kule Ukerewe, na aliishi peke yake. Siku hizo viwanda vya samaki vilikuwa vimeota kando ya ziwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa, yaani mapanki, vikabaki kwa wenye nchi. Bibi aliyanunua mapanki hayo, akayakausha kwa moshi kwenye tanuri la udongo nyuma ya nyumba yake, akayauza sokoni. Miaka ya kuinamia moshi ilikuwa imeyafanya macho yake kuwa mekundu kabisa. Na macho mekundu ya kikongwe, katika nchi ile, yaliweza kumuua mwenyewe, maana watu waliyaita dalili ya uchawi. Waliosema hivyo walisali naye rozari, na samaki wake waliwala.

Mwezi Septemba mtoto mchanga wa Mama Queen, jirani wa upande wa pili wa Bibi, alikufa kwa homa. Mama Queen alilia hadi sauti ikakauka. Matanga yalipokwisha akaanza kunong'ona kwamba siku moja kabla ya homa ile, Bibi Wilhelmina alimpakata mtoto. Mnong'ono ulipita bombani, ukapita sokoni, ukamfikia na Kija.

Siku ya zamu ilipofika, Kija aliibeba sanamu ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe. Mama alikuwa bado sokoni Mabatini alikokuwa akiuza nyanya. Uwanja wa Bibi ulikuwa umefagiwa. Barazani palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa kilichopigwa pasi, mshumaa mmoja, na maua ndani ya kopo la maziwa. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa ukipanda, na ndani ya moshi huo Bibi alikohoa. Kilikuwa kikohozi tu, lakini Kija aliyakumbuka macho yale mekundu. Akageuka, akakimbia mpaka kwa Mama Queen.

"Mbona unaileta leo?" Mama Queen aliuliza. "Zamu yangu ni kesho. Kwa Bibi hukupita?"

Hapo Kija angeweza kusema, "Nimeogopa," na mambo yangeishia hapo. Lakini bingwa wa kipaimara angesemaje kwamba amemkimbia kikongwe, tena akiwa amembeba Mama wa Mungu mikononi?

"Bibi amekataa," akasema. "Amesema hataki Bikira Maria aingie kwake."

Mama Queen akaketi chini polepole, ameikumbatia ile sanamu. "Nilijua," akasema. "Nilijua mimi. Mwanangu ameliwa."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa tatu asubuhi Kija alikuwa anafua sare aliposikia kelele. Alipofika, watu kama ishirini walikuwa wamejaa uani kwa Bibi. Mbele yao alisimama Ngosha, shemeji yake Mama Queen, ameshika rungu. Tanuri lilikuwa limeshabomolewa na mapanki yamekanyagwa mavumbini. Bibi alikuwa chini, mkono wake wa kushoto umepinda vibaya. Barazani meza bado ilikuwapo, na mshumaa wake haukuwa umewashwa.

"Kwa nini umemkataa Bikira Maria?" Ngosha alifoka. "Sema! Wachawi ndio wanaomwogopa!"

"Sikumkataa, baba," Bibi alisema kwa shida. "Nilimngoja. Nilikaa pale mpaka giza likaingia, nikadhani mmeniruka."

"Mwongo! Mtoto ametuambia!"

Mtoto huyo alikuwa Kija. Akinyamaza, Bibi atakufa palepale. Akisema, Pasiansi nzima itajua yeye ni nani. Ngosha akainua rungu, na Kija akapenya katikati ya watu, akamwinamia Bibi na kumkinga kwa mwili wake.

"Nilidanganya!" akapiga kelele. "Bibi hakusema neno! Hata hodi sikupiga. Niliogopa macho yake, nikadanganya!"

Rungu likabaki juu. "Unasemaje wewe?"

"Ni mimi, baba. Tazameni meza yake. Alikuwa anamngoja."

Watu wakaitazama meza. Mmoja akaangusha jiwe alilolishika, mwingine akajifanya ameitwa nyumbani. Mama Queen akajifunika uso kwa kanga. Ngosha alishusha rungu, akaondoka bila kumpa pole Bibi wala kumwinua. Aliyemwinua ni Kija, pamoja na mama yake aliyekuja mbio. Hospitali waliufunga ule mkono, lakini haukunyooka tena.

Jioni Mwalimu Yeremia alikuja. Kija hakuweza kumtazama.

"Shikamoo, Mwalimu. Nifute kwenye kipaimara," alisema huku akilia. "Mimi si Mkristo."

Mwalimu aliketi kando yake. "Mnong'ono ule niliusikia mwezi mzima," akasema. "Sikudanganya kama wewe, lakini nilinyamaza, na mimi ni mtu mzima. Sote wawili majibu tunayajua. Jana ulibeba sanamu ukamkimbia mtu. Leo umemkinga mtu huyo mbele ya rungu. Hayo ya leo ndiyo ninayojaribu kuwafundisha. Jina lako sifuti. Ila Jumatatu utakuja na jembe, na mimi nitakuja na langu. Tanuri halijijengi."

Wiki mbili nzima, kila baada ya shule, Kija alikanyaga udongo na Mwalimu akafinyanga ukuta. Wenzake walipita wakimcheka na kumwita mwongo. Hakuwajibu, maana walisema kweli.

Jumapili ya mwisho wa Oktoba sanamu ilipelekwa kwa Bibi. Kija aliibeba, akasimama mlangoni na kupiga hodi kwa sauti. Kati ya familia ishirini za jumuiya zilikuja saba. Rozari ilikuwa imefika katikati Mama Queen alipotokea, akasimama mlangoni asijue aingie au arudi. Bibi alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyo kando yake kwa mkono mzima. Mama Queen akaketi, akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Watu walipoondoka, Kija alibaki kukunja mikeka. Bibi akamwita karibu.

"Macho yangu bado yanakutisha?"

Kija aliyatazama. Hakuwahi kuyatazama hivyo. "Hapana, Bibi. Ni moshi."

"Ni moshi, mjukuu wangu. Miaka mingi ya moshi." Bibi aliusogeza mkono wake uliopinda, akakunja uso kwa maumivu. "Kumwamini Mungu usiyemwona ni jambo jema. Lakini ametuagiza kumpenda na jirani huyu tunayemwona, hata kama tunamwogopa. Ungeniuliza tu habari ya macho haya, ningekuambia."