Jogoo Ndani ya Habari

Kila asubuhi Lenah alitandika kitanda chake, akafagia bweni, kisha akasimama mlangoni kuvitazama vitanda vitupu vya wenzake. Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Wasichana wengine walikuwa wamerudi kwao Kianjai na Kiirua, karibu na shule. Lakini Lenah kwao ni Embu, na mtu wa Embu hakusafiri bila kibali cha serikali. Chake kilikuwa hakijaja.

Ieleweke kwamba Lenah ndiye aliyekuwa bingwa wa mizaha shuleni. Lakini bingwa asiye na watu hana kazi. Kutia chura katika kitanda kisicho na mtu ni kumwonea chura bure.

Jumanne moja Mwalimu Teresia, aliyeishi nyuma ya jikoni, alimletea mashine ya kunasa sauti, ndogo kama sanduku la mwanafunzi. Shule ilikuwa imeiazima kutoka duka moja la mjini ili ijaribiwe.

"Ina maikrofoni yake," alisema Mwalimu. "Lakini mimi nataka kujua kama itanasa masomo ya redio kupitia waya huu tu. Ikifaulu, tutainunua. Ikishindwa, Ijumaa inarudi dukani."

Lenah alianza na maikrofoni. "Hujambo, Lenah?" alisema, akanyamaza kidogo. "Umekula?" Akanyamaza tena. "Uko na nani huko?" Kisha akaiwasha mashine itoe sauti ile, akaijibu kwa adabu.

"Sijambo."

"Uji tu."

Swali la tatu hakulijibu.

Tangu hapo alitaka mashine ibaki. Ingalau ilimuuliza hali. Kumbe waya ulikuwa na mambo yake! Kila alipounganisha redio ya shule na mashine, mtangazaji alikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Alijaribu tena na tena, wapi! Basi Alhamisi akauweka waya kando, akasogeza maikrofoni mbele ya redio, akanasa habari kwa njia hiyo.

Ijumaa Mwalimu Teresia alikuja, akaketi kusikiliza. Mtangazaji alisoma vizuri bei ya kahawa. Ghafla, katikati ya kahawa: "Kokorikooo!"

Mwalimu aliinua uso. "Lenah, siku hizi jogoo naye anasoma habari Nairobi?"

"Labda ni jogoo wa serikali, Mwalimu."

"Huyo ni jogoo wangu. Namjua kwa sauti."

Lenah aliinama. "Nilitumia maikrofoni. Kwa waya sauti inakwaruza."

"Nionyeshe ulivyouunganisha."

Lenah alichomeka waya kwenye tundu lenye picha ya mdomo. "Redio inaongea, Mwalimu. Nikafikiri hapa ndipo mahali pake."

"Tundu hilo ni la maikrofoni, ambayo sauti yake ni dhaifu, kwa hiyo mashine huikuza sana. Sauti ya redio ina nguvu tayari. Ukiikuza tena, inapasuka. Hebu jaribu lile la pili."

Alijaribu. Mtangazaji alisikika wazi, peke yake, bila jogoo.

"Inabaki," alisema Mwalimu. "Lakini mbona ulinidanganya?"

Lenah aliigusa mashine. "Inaniongelesha, Mwalimu. Hapa hakuna mwingine."

Mwalimu Teresia aliizima mashine polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Ungesema Jumanne kwamba inakwaruza, Jumanne hiyohiyo tungejua kosa liko wapi. Na ungesema kwamba upweke unakuumiza, usingekula uji peke yako hata siku moja. Kasoro iliyofichwa haina fundi. Mimi pia nina kosa, maana naishi hapo nyuma na sikuuliza."

Akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Chukua sahani yako, twende. Nimepika githeri, na leo maswali nitauliza mimi."