Jivu kwenye Mahindi Matamu

Kila jioni akitoka chuo cha Kurani, Tahiya alikwenda kumwagilia mahindi matamu ya mama yake hapo kijijini Kitogani. Mama yake, Bi Mwamvua, hakuwa na zao jingine mwaka ule. Mahindi yakiharibika, Tahiya hapati sare mpya ya skuli.

Wiki hiyo majani yalianza kutoboka.

"Ni kima wa msitu wa Jozani hao," alisema Tahiya.

"Kima gani asiyevunja hata bua moja?" Bi Mwamvua alijibu. "Juzi Bi Radhiya alisimama hapa, akayatazama mahindi yangu juu mpaka chini, asiseme hata Mashaallah. Nshamjua. Ana kijicho yule."

Bi Radhiya alikuwa jirani yao. Mashamba yao yalitenganishwa na mstari wa mihogo tu. Tangu siku ile, kila alipobisha hodi, Bi Mwamvua alinyamaza utadhani hamna mtu ndani. Tahiya naye akajifanya askari. Bi Radhiya akikohoa, ana lake jambo. Akicheka, anawacheka wao. Hata kuku wake walishukiwa.

Jumamosi asubuhi Tahiya alijificha kwenye mihogo. Akamwona Bi Radhiya anaingia shambani mwao na bakuli. Aliinama, akayapanua majani ya juu ya mhindi, akatia kitu cha kijivu katikati, huku midomo ikichezacheza. Kisha akahamia mhindi wa pili. Tahiya alikimbia kumwita mama yake.

Bi Mwamvua alifika akihema. "Radhiya! Unaniwangia mchana kweupe?"

"Astaghfirullah! Nnapiga Bismillahi, bibi wee! Hebu njoo utazame."

Bi Radhiya alilifungua jani changa. Ndani mlikuwa na kinyesi kilicholowa, mfano wa maranda ya mbao, na kiwavi mdogo amejikunja.

"Huyu ni kiwavijeshi," alisema. "Kanimalizia mahindi yangu yote. Siku ile nlishtuka kuona matundu kwako, hata maneno yakanipotea. Nimepiga hodi, huitiki. Nikaona nisiponyunyiza jivu, nawe utakosa kama mimi. Nimeingia bila ya idhini, nisamehe."

"Jivu litamfanya nini?" aliuliza Tahiya, bado ana wasiwasi.

"Akiwa mdogo hivi, humkausha. Akishakua akazama kwenye gunzi, humpati tena."

Tahiya alifungua mhindi mwingine mwenyewe. Kiwavi. Akafungua wa pembeni yake. Kiwavi. Aliona haya sana. Kila jioni alikuwa humu, macho yake yako upande wa mihogo, wala hakuwahi kuinama akachungulia jani hata moja.

Bi Mwamvua alimwomba radhi jirani yake, kisha akaenda jikoni kuzoa jivu. Wote watatu walipita mhindi kwa mhindi, wakiponda mayai yaliyotagwa chini ya majani na kutia jivu palipo na viwavi. Kila baada ya siku chache walirudi kukagua. Safu za mwisho zilikuwa zimeshaliwa, hazikuokoka. Zilizobaki zilitoa majani mazima, na hatimaye zikabeba mahindi.

Siku ya kuvuna, Bi Mwamvua alimpelekea Bi Radhiya kapu la kwanza. Njiani alimwambia binti yake:

"Mwanangu, tulimvizia mtu, mdudu akala kwa raha zake. Ukimshuku jirani, muulize. Ukilishuku jani, lifungue."