Notisi Iliyozuia Miwa ya Sumintra

Msimu wa miwa, baba yangu alikuwa akifungua duka lake katika mji wa Labasa alfajiri, ili wakata miwa wapate mkate na tumbaku. Barua zake niliziandika mimi, maana mwandiko wangu ulisomeka.

"Andikia kiwanda cha sukari notisi," aliniambia siku moja. "Shamba namba 614. Pesa ya miwa asipewe mkulima, iletwe dukani kufidia deni."

"Lakini Jagdish aliyekopa amehamia Suva, Baba. Shamba sasa analilima Sumintra."

"Jagdish kaondoka, shamba nalo limeondoka? Andika!"

Niliandika.

Wiki iliyofuata Sumintra alisimama mlangoni na buti zake za shambani. Alikuja na Litia, karani wa ofisi ya wakulima.

"Kaka Bisun, unga wako nilikula lini?"

Baba aliendelea kupanga makopo ya samaki.

"Kiwanda kimezuia pesa yangu. Wakataji hawapakii mpaka niwalipe. Miwa imeshachomwa na kukatwa, leo siku ya tatu iko chini. Nenda basi kaiambie isikauke!"

Litia aliomba mkataba wa deni. Baba akautoa kwenye kopo la biskuti.

"Sahihi ni ya nani, Mzee Bisun?"

"Jagdish."

"Na miwa?"

"Ya huyu mama."

"Basi deni linamfuata aliyetia sahihi, haliko kwenye udongo. Ukimzuilia pesa mtu usiyemdai, anaweza kukushtaki. Mahakama ikiona hukuwa na sababu ya haki, utamlipa hasara yake pamoja na gharama za kesi. Na anayeandika uongo huku anajua, huyo anaweza kushtakiwa kwa jinai."

"Mimi sikujua, mwanangu," Baba alimwambia Litia.

"Watakuuliza kama uliuliza."

Nilitazama sakafu. Baba alinisogezea kalamu.

"Andika kwamba naiondoa notisi."

Alifunga duka mchana, katikati ya msimu, akaipeleka barua kiwandani mwenyewe. Kesho yake malipo yalifunguliwa na wakataji wakarudi. Miwa ilikuwa imepungua uzito. Baba alimlipa Sumintra upungufu huo kabla hajashtakiwa.

Sumintra alipokea, akasema, "Sasa nipimie unga. Nalipa taslimu, usije ukaniandikia!"

Baba alicheka, ila kidogo.

Baba alifariki mwezi Machi mwaka huu. Katika karatasi zake nimekuta notisi tatu tu za miaka yote iliyofuata. Pembeni ya kila moja, kwa mwandiko wake mbaya, ameandika siku aliyokwenda nyumbani kwa mdaiwa kumuuliza kwanza.