Duka Wazi, Wenyewe Wamefunga

Bibi Tulia wa kijiji cha Suma anapika ndizi vizuri kuliko majirani zake wote, lakini wanaozila ni wachache. Mumewe alipofariki, watu walianza kunong'ona. Walisema mkono wake si mzuri, kwamba chakula chake ndicho kilichomuua. Tangu hapo, akimpelekea jirani chakula, jirani anapokea, anashukuru, kisha anawamwagia kuku. Bibi anajua, maana kuku hawali kwa siri.

Kwa hiyo Rukia na mumewe Athuman walipohamia kutoka Tukuyu mjini na kufungua duka la sukari na sabuni, Bibi alifurahi sana. Hawa walikuwa wageni. Walikuwa hawajasikia maneno ya watu. Siku moja alimenya ndizi, akazipika kwa maharage na maziwa, akajitwisha chungu. Alifika dukani saa saba mchana.

"Ndaga, mwanangu," alimsalimu Rukia. "Nimewaletea chakula. Kuleni kingali cha moto."

Rukia alipiga goti. "Asante sana, Bibi. Lakini utusamehe, tumefunga."

Bibi alitazama mlango wa duka. Ulikuwa wazi. Athuman alikuwa ndani, anampimia mteja sukari.

"Mmefunga?"

"Ndiyo, Bibi. Mimi na mume wangu, wote tumefunga."

Sasa, Bibi Tulia anaongea Kinyakyusa nyumbani, na kanisani kwake Moraviani anasali kwa Kinyakyusa. Kiswahili chake ni cha sokoni. Kwake yeye, kinachofungwa ni mlango, mbuzi au mzigo. Duka lilikuwa wazi, basi kilichofungwa ni nini, kama si mlango wa kumfungia yeye? Kabla Rukia hajaongeza neno, Bibi alikuwa ameshajitwisha chungu chake na kuondoka.

Winfrida, mkwe wake, alimkuta jikoni analia.

"Wameshaambiwa, Winfrida. Hata wageni wameshaambiwa."

"Walikwambiaje, Mama?"

"Walisema wamefunga. Na duka liko wazi."

Winfrida akaanza kucheka. Alipoona mama mkwe wake hacheki, akaacha. "Mama, huu ni mwezi wa Ramadhani. Ngoja niwaite, wakueleze wenyewe."

Athuman na Rukia waliposikia yaliyotokea, walifunga duka, safari hii kwa kufuli, wakapanda kilima kwenda kwa Bibi.

"Bibi, sisi ni Waislamu," Athuman alisema. "Katika mwezi wa Ramadhani hatuli wala hatunywi tangu alfajiri mpaka jua lizame. Huko ndiko kufunga."

"Hata maji?"

"Hata maji. Lakini mgonjwa, msafiri, mjamzito na mtoto wameruhusiwa kula."

Bibi alifikiri. "Kumbe ni kule kufunga kwa Yesu jangwani. Hilo nalijua. Mbona hamkusema hivyo?"

"Kosa ni langu," Rukia alisema. "Nilidhani umenielewa."

Bibi alifuta macho kwa kanga yake. Sasa alitaka kujua yote. "Na mnamwomba nani?"

"Mungu mmoja tu," Athuman alijibu. "Mwislamu anashuhudia kwamba hakuna mungu ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni mtume wake. Anaswali mara tano kwa siku. Anafunga Ramadhani. Akiwa na mali ya kutosha, anatoa zaka kwa maskini. Na mwenye uwezo anakwenda Makka kuhiji, angalau mara moja maishani."

"Na Yesu je?"

"Tunamwita Nabii Isa na tunamheshimu sana. Ibrahimu na Musa pia ni manabii wetu. Ila hatusemi kwamba Isa ni mwana wa Mungu."

"Hapo sisi tunasema vingine," Bibi alisema. "Endelea. Huyo Muhammad alitoka wapi?"

"Alizaliwa Makka, Arabuni, zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Aliwaambia watu waache sanamu na wasimdhulumu maskini. Wakubwa wa mji wakakasirika, wakawatesa waliomfuata. Ndipo baadhi yao wakavuka bahari, wakakimbilia Habasha, sehemu za Ethiopia ya leo. Mfalme wa huko alikuwa Mkristo."

Bibi aliinua kichwa. "Akawafanyaje?"

"Wakubwa wa Makka walituma watu kumwomba awarudishe. Aliwasikiliza wageni wake, kisha akakataa kuwatoa. Walikaa kwake kwa amani."

"Aliwapikia?"

Athuman alitabasamu. "Sijasoma alipika nini, Bibi, lakini aliwapokea. Baadaye Mtume na wenzake walihamia Madina. Kalenda yetu inahesabiwa tangu mwaka ule. Dini ikaenea Arabuni, kisha nchi nyingine, kwa watawala, kwa walimu na kwa wafanyabiashara. Pwani yetu wengi waliipata kwa wafanyabiashara."

"Na Suma imeletewa na muuza sukari," Winfrida alisema, na wote wakacheka.

Bibi alichochea moto, akarudisha chungu jikoni kipate moto tena. Jua lilipokaribia kuzama, alikibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa Rukia, nyuma ya duka. Alikaa mkekani, akisubiri, na alikuwa na wasiwasi. Kueleza ni jambo moja, kula ni jambo jingine.

Simu ya Athuman iliadhini. Walikula tende, wakanywa maji. Kisha Rukia akajaza sahani yake ndizi za Bibi, akala. Akaongeza. Athuman naye akaongeza, akakwangua chini ya chungu kwa kijiko.

"Bibi, kesho usituletee," Rukia alisema. "Njoo na mkono wako huo, unifundishe kuzipika."

Bibi aliutazama mkono wake. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu aombe kufundishwa na mkono ule.

Kuna njia ya mkato ya kurudi kwake, kupitia migombani. Bibi Tulia hakuifuata. Alipita barabarani, mbele ya nyumba za majirani waliokuwa bado wamekaa vibarazani, chungu kikiwa kichwani, amekifudikiza waone ni kitupu.